Kaburi la mzee wetu linasema aliishi miaka 110, nisaidieni kupiga hesabu

mjukuu_wa_Ruvuma

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina jambo la ukoo linanisumbua na najua humu kuna watu wa historia kwelikweli siyo wale wa kukopi na kupesti.

Desemba tulienda nyumbani, vijijini huko Songea upande wa Peramiho, tukasafisha makaburi. Kaburi la baba yake babu limejengewa saruji mwaka 98 na juu imeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka, 1864 - 1974. Yani miaka 110. Nikamuuliza baba mkubwa hiyo 1864 mliitoa wapi, akajibu "wazee walisema alikuwa mzee sana". Basi, ushahidi wote ndo huo.

Hiyo 1974 haina ubishi maana alikufa mwaka ule walipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, nyumba mpya ilikuwa na kuta tu haijaezekwa, wakamzika kulekule kwa zamani. Tatizo ni yaliyotangulia. Kila mtu ana lake. Wengine wanasema alibeba mizigo ya Wadachi, yani Wajerumani, mpaka kwa Wareno huko Msumbiji. Baba mkubwa anasema alikuwa askari wa Keya, yani KAR ya Mwingereza, akapigana Bama (Burma) na medali ipo, ni kweli ipo nimeishika. Wengine wanasema alikuwa manamba, kibarua wa mkonge, Tanga akarudi na blanketi mbili na baiskeli. Na tangu yule rais wa Ujerumani aje Songea 2023 kuomba msamaha, baba mkubwa ameongeza mpya, kwamba baba yake huyo mzee ni mmoja wa wale walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mimi kabla ya 2023 sijawahi kulisikia hilo hata siku moja na nimekulia humohumo kwenye hiyo familia.

Nataka niandike kitu kimoja kilichonyooka watoto wasome. Mnaanzaje? Mtu hana cheti cha kuzaliwa, hajui kusoma, na matukio yote ya Tanganyika amebebeshwa yeye peke yake.

Mpekuzi_wa_Zamani

Marahaba. Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika, wengi wanaandika halafu ndo wanauliza.

Huyo wa 110 nimekutana naye kwenye koo nyingi sana hahaha. Mtu akifa na mvi zote na meno hakuna basi anapewa karne na chenji. Wala siyo uongo wa makusudi, ni heshima tu, ila inaharibu hesabu.

Ninachofanya mimi sianzi na mwaka, naanza na mwili. Wazee wetu hawakuhesabu miaka lakini walikumbuka tukio fulani lilimkuta mtu akiwa na kimo gani na anafanya kazi gani. Kwa hiyo usiulize "alizaliwa lini", mtu atakutajia mwaka wowote ili umwache apumzike. Uliza "Maji Maji ilimkuta anafanya nini? Alikuwa anabebwa mgongoni, anachunga mbuzi, au ana mke?" Halafu uliza nzige wale wakubwa wa miaka ya mwisho ya 1920 kuja 1931 walimkuta na watoto wangapi. Uliza uhuru 1961 ulimkuta bado analima mwenyewe au analimiwa. Hapo ndo unapata namba.

Kwa Songea una bahati mbaya yenye faida, maana tukio lenu la Maji Maji lina tarehe. Vita ilianzia kule Umatumbi Julai 1905, ikafika Ungoni karibu na Septemba, na machifu na manduna wa Kingoni wakanyongwa pale Songea 27 Februari 1906. Kila mwaka tarehe hiyo mnaadhimisha pale makumbusho ya Maji Maji, Mahenge hapohapo Songea. Majina ya walionyongwa yameandikwa pale, siyo siri. Kabla hujabishana na baba mkubwa nenda kasome yale majina, kama la kwenu lipo lipo.

Halafu jiulize hivi, kama alizaliwa 1864 basi Maji Maji imemkuta na miaka 41, jitu zima, mke na watoto. Na kama alikuwa Bama 1944 alikuwa na miaka 80. Jeshi gani la Mwingereza lilichukua babu wa miaka 80?

Nani yuko hai aliyemsikia huyo mzee kwa masikio yake? Siyo aliyesimuliwa, aliyemsikia.

chapa_ilale

Miaka 80 anakimbizana na Mjapani porini 😂😂 huyo angepewa nchi kabisa siyo medali

Mgogo_wa_Mpwapwa

Mpekuzi kasema kweli. Kwetu Ugogo wazee wote wa zamani wanahesabiwa kwa Mtunya, ile njaa iliyoanza vitani 1917 ikaenda mpaka 1920 hivi. Jeshi la Mdachi lilichukua ng'ombe na nafaka na vijana, Mwingereza alipokuja naye akachukua kilichobaki, mvua nayo ikagoma. Bibi yangu alikuwa anasema fulani kazaliwa kabla ya Mtunya, fulani alinyonya kwenye Mtunya, fulani "hajui Mtunya", na huyo wa mwisho alikuwa anasemwa kwa dharau kidogo kama vile sisi tunavyosema watoto wa elfu mbili. Tafuta tukio la kwenu lenye jina lake la kienyeji, hilo huwa halisogei. Matukio ya redioni ndo yanasogea.

mjukuu_wa_Ruvuma

Wakuu nimerudi. Yupo mmoja aliyemsikia. Ni bibi, binti yake wa mwisho wa kumzaa, dada yake babu. Macho yamekwisha ila mdomo mzima na akili imetulia kuliko mimi. Jana nimempigia simu dakika arobaini, vocha imeisha nikaongeza. Nimemuuliza kama alivyoelekeza Mpekuzi. Nawaandikia kama alivyosema maana nilikuwa narekodi.

Moja, Maji Maji ilimkuta anachunga mbuzi. Alikuwa anamwambia bibi kwamba alikuwa juu ya kichuguu akaona moshi, akadhani watu wanachoma nyika, kumbe ni vihenge vinachomwa. Mbuzi wakachukuliwa siku hiyohiyo na yeye akarudi nyumbani amebeba fimbo tupu akiogopa kuchapwa, akakuta hakuna wa kumchapa, watu wamekimbia.

Mbili, baba yake hakunyongwa. Bibi kacheka kwanza. Anasema baba yake mzee alikufa porini kwenye njaa iliyofuata baada ya vita, wakala mizizi, na aliyemzika ni mkewe na kaka yake kwa jembe la kuazima. Kaburi halijulikani lilipo. Anasema "huyo anayesema alinyongwa amwonyeshe na kamba".

Tatu, ni kweli alibeba mizigo ya Wadachi. Alikamatwa akiwa kijana ndo kwanza ameanza kuzungumzia habari za kuoa. Akaenda mpaka kwa Wareno mbali sana, na kule kuna siku walikuta nyumba imejaa sukari. Bibi anasema hii hadithi mzee alikuwa hachoki, kila akiona mtoto analamba sukari anaanza, kwamba "nyie mnailamba, sisi tulikula kwa viganja, imerundikwa kama mchanga wa mtoni, tukaumwa matumbo na mimi toka siku ile sitaki chai ya sukari". Na kweli alikuwa anakunywa uji wa chumvi.

Nne, na hii bibi kaomba nisiwaambie watu lakini nyie hamnijui. Hakumaliza vita. Alitoroka. Walipita jirani na nyumbani usiku, akaweka mzigo chini akasema anaenda haja, akaondoka moja kwa moja. Akajificha kwenye dungu la kulindia mahindi la msimu uliopita, mama yake anamletea chakula kwenye kibuyu kama anaenda kuchota maji. Mvua za kwanza zilipoanza mama yake akashikwa na homa, siku tatu akafa, na kwenye kijiji walikufa wengi wiki hiyo. Yeye ndo akatoka mafichoni kuja kuzika na hakuna aliyemkamata maana vita ilikuwa imeisha na yeye hajui.

Baba mkubwa nilipomwambia ya kutoroka amekata simu.

Mpekuzi_wa_Zamani

Nimesoma mara tatu. Kijana unajua bibi yako amekupa nini?

Subiri nikae vizuri.

Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, limeshapungua sana, Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Wakazunguka huko karibu mwaka mzima wakiishi kwa kuteka maghala ya Wareno, maana kutoka kwao walikuwa hawaletewi chochote tena. Mwanzoni mwa Julai 1918 wakafika kusini sana, karibu na Quelimane, wakateka kituo kinaitwa Namacurra. Pale palikuwa na kiwanda cha sukari. Walikuta vyakula vingi wasivyoweza kubeba, watu wakala walichoweza na kingine wakakiacha.

Sisemi ni ushahidi wa kwenda nao mahakamani, viwanda vya sukari kule ukanda wa Zambezi vilikuwa zaidi ya kimoja. Ila mtu wa Peramiho asiyesoma gazeti, aliyebeba mizigo ya Mdachi kwa Wareno, anasimulia sukari imerundikwa kama mchanga? Mimi naweka dau langu Namacurra.

Sasa endelea. Wakageuka kaskazini. Mwisho wa Septemba 1918 wakavuka tena Ruvuma kurudi upande wetu, na mwanzoni mwa Oktoba wakapita jirani na Songea wakielekea Ubena. Na hapo kuna jambo linalojulikana, kwamba watu wa Kingoni waliokuwa kwenye ule msafara walianza kupotea mmojammoja walipofika kwao. Fikiria umetembea tangu mwaka uliopita, mzigo kichwani, unaugua, afu unaona mlima unaoujua toka utotoni na moshi wa jikoni unatoka kwenu. Kuna haja ya kueleza hapo?

Halafu homa. Ile mafua ya dunia nzima ya 1918 ilipiga huku kwetu miezi hiyohiyo, na ule msafara wenyewe wa Wajerumani ulikuwa unatembea na wagonjwa wa mapafu. Mvua za kwanza kwenu ni Novemba mwishoni. Mama amekufa mvua zinaanza, vita imeisha na kijana hajui. Lettow mwenyewe alisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza, maana naye habari zilimchelewa. Kwa hiyo jenerali na mpagazi aliyemtoroka wote wawili hawakujua kama vita imeisha, tofauti ni kwamba mmoja alikuwa kwenye dungu anakula ugali wa mama yake.

Umri sasa. Anachunga mbuzi peke yake 1905, tuseme miaka 7 mpaka 9. Kazaliwa kati ya 1896 na 1898. Anakamatwa 1917 ana 19 mpaka 21, "ndo kwanza anazungumzia kuoa", imekaa sawa. Anakufa 1974 ana 76 mpaka 78. Hiyo ndo mzee wenu. Futeni 110.

Mkunga_wa_Sarafu

Nimeingia kwa sababu ya neno Wadachi. Mjukuu, kuna kitu chochote alichoacha? Sarafu, kipande, karatasi ya kodi, kibuyu, chochote?

mjukuu_wa_Ruvuma

Kuna sarafu mkuu. Imetobolewa tundu juu, sisi wote wadogo tumevalishwa shingoni kwa kamba nyeusi ukipata degedege. Nilidhani ni ya Mwingereza. Anayo shangazi kwenye kopo la ugoro. Kanitumia picha sasa hivi ila imetoka na ukungu. Rangi kama ya njano imefifia, upande mmoja kuna kama kofia ya kifalme na chini yake 1916 na kiherufi kimoja kidogo kama T. Upande wa pili namba 20 imezungukwa na matawi mawili.

Mkunga_wa_Sarafu

Aisee. Hiyo ni heller 20 ya Tabora.

Kofia ya kifalme ni taji la Kaisari, chini yake D.O.A. ndo koloni lenyewe la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na hiyo T ni Tabora. Vita ilipobana meli hazipiti, pesa za kulipa watu zikaisha, wakaamua kujitengenezea wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora 1916. Shaba walikuwa wanaokoteza popote, maganda ya risasi na kila kilichoyeyuka. Ndo maana nyingi zimetoka vibaya vibaya, kingo hazijanyooka, ukiiweka mezani inapepesuka. Hata dhahabu walitengeneza, rupia 15 yenye tembo, ila hiyo usitegemee kuikuta kwenye kopo la ugoro.

Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa miezi tu. Sasa haithibitishi alipewa yeye mkononi kama mshahara, pesa inatembea, lakini Mwingereza alipokuja na shilingi zake miaka ya 20 hizo heller hazikununua hata chumvi, kwa hiyo aliyeitunza aliitunza kwa sababu nyingine. Na tundu lile msilijutie, mnunuzi atakwambia imeharibika, mwambie aende zake.

Msiisugue na majivu wala ndimu. Tafadhali sana.

mjukuu_wa_Ruvuma

Shangazi alikuwa ameshaanza na majivu, nimempigia haraka akaacha. Imeng'aa kona moja 😅

Mwana_wa_Keya

Mimi naomba niongee kuhusu medali maana baba yangu alikuwa huko. Ni nyota ya shaba ncha sita? Hizo za Mwingereza kwa kawaida hazikuchongwa jina la mtu. Kwa hiyo kuwa nayo kabatini haisemi ni ya nani, inasema tu mtu mmoja wa nyumba hiyo alikuwa Bama.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, wanaita lile bonde la mauti kwa ajili ya malaria na tope, wakafika mto Chindwin pale Kalewa Desemba. Watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walikuwemo. Baba alisema matope yalikuwa yanavua viatu vyenyewe. Vijana wa miaka ishirini na kitu walikuwa wanabebwa kwa machela. Mzee wako mwaka huo ana 47 kwa hesabu ya Mpekuzi, kwanza asingepita kwa daktari. Uliza kama alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 20.

mjukuu_wa_Ruvuma

Mwana wa Keya umenishtua. Alikuwepo. Mtoto wake wa kwanza, kaka yake babu, tunamjua kwa jina tu. Bibi anasema alirudi kutoka "ng'ambo" akiwa mkimya, anavaa koti la jeshi hata jua kali, akaenda Tanga kwenye mkonge na hakuoa, akafia huko kabla ya uhuru na hakuacha mtoto. Baiskeli na blanketi ni zake, alizituma kwa mtu. Na medali ilikuja na vitu vyake kwenye sanduku la bati.

Yani hakuwa na mtu wa kumsimulia ndo maana maisha yake yakachukuliwa yakaongezwa kwa baba yake. Nimekaa nje dakika kumi sijui hata nifikirie nini. Tumemzika huyu mtu mara ya pili bila kujua.

chapa_ilale

Samahani kwa ile ya Mjapani mkuu. Pumzika kwa amani mzee

Kaka_Mnyoofu

Mimi nauliza kwa nia njema, kuna faida gani kuandika kwamba mzee alikuwa mtoro? Watoto watajifunza nini hapo. Kila ukoo una mambo yake, mengine mnayaacha yalale. Baba mkubwa wako kakata simu ana haki yake, wewe unafukua ya nini.

Mpekuzi_wa_Zamani

Kaka Mnyoofu, mtoro wa nani? Utoro ni kuacha jukumu ulilokubali. Huyu alikamatwa njiani akafungwa kamba na wenzake akatwishwa mzigo wa vita ya Berlin na London, na jeshi lililomtwisha ndo lilelile lililochoma vihenge vya kwao akiwa na fimbo ya mbuzi mkononi. Akaubeba mpaka Quelimane akaurudisha mpaka mlangoni kwa mama yake akauweka chini. Mimi ningekuwa na babu wa hivyo ningechora bango.

Na wangapi hawakupata mlango wa kuweka mzigo chini? Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu zao wenyewe, wengi kwa kuhara, malaria na njaa wala siyo risasi. Kariakoo tunayoenda kununua viatu imetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, pale ndo palikuwa kambi. Sanamu ya Askari pale Dar ya 1927 ina maandishi yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama pale juu ni askari na bunduki, mpagazi hayupo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola wenyewe walikiri kwamba waliokufa wasiopata kuandikwa majina popote ni angalau 116,000 na huenda ni mpaka 350,000, wengi wao wa huku kwetu na Misri. Hapo ni za Mwingereza. Za Mdachi ndo usiulize.

Hata ile 1964 Ujerumani Magharibi walipokuja kulipa malimbikizo ya mishahara ya vita ile, yalikuwa ya askari. Inasimuliwa kule Mwanza wazee walikuja wengi hawana karatasi, wakapewa ufagio washike kama bunduki wakaamrishwa kwa Kijerumani, na hakuna aliyesahau. Mpagazi angepewa nini ashike? Gunia?

Kaka_Mnyoofu

Sawa mkuu nimeelewa, nilikuwa nauliza tu. Hasira za nini.

Binti_Ndanda

Jamani mmesahau kanisa. Huko Peramiho ni Wabenediktini toka 1898, mjukuu kama mzee alibatizwa akiwa mkubwa basi jina lake lipo kwenye daftari la ubatizo na mapadre walikuwa wanakadiria umri. Mimi nilimpata bibi yangu hivyohivyo, Kilatini kitupu, nikamwomba katekista anisomee, imeandikwa yapata miaka 20, na jina la mama yake lipo, jina ambalo hakuna mtu kwenye ukoo wetu aliyekuwa analijua. Nililia pale ofisini mpaka sista akaniletea maji. Nenda na tarehe hata ya kukadiria, usiende na "1864" watakutazama tu. Na usiende Jumapili, na peleka chochote cha shukrani, hata kilo ya sukari.

Kuhusu sukari samahani mzee 🙈

Mgogo_wa_Mpwapwa

😂😂 peleka chumvi

mjukuu_wa_Ruvuma

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Wakuu nawapa mrejesho, nimetoka nyumbani juzi. Nilienda kwanza makumbusho Mahenge nikasoma majina yote taratibu kidole kwenye kila mstari, la kwetu halipo. Parokiani padre alikuwa safari, katekista kanifungulia daftari moja la miaka ya 20, tumemkuta kabatizwa 1926 pamoja na mkewe siku moja, "yapata miaka 30", na jina la mama yake lipo Binti Ndanda, ni lilelile alilonalo dada yangu mdogo, na hakuna anayejua dada alipewaje jina hilo zaidi ya bibi ambaye ndiye aliyemchagulia. Nilipomuuliza kasema "nilikuwa nangoja mtu aniulize".

Miaka 30 mwaka 1926 inarudi 1896. Mpekuzi wewe ni mchawi.

Bibi tulimbeba kwa gari tukaenda naye mpaka shamba la zamani. Haoni lakini akishuka kwenye gari alikuwa anasema kata kushoto, hapa palikuwa na mto mdogo, hapa panapanda. Dungu lilikuwa chini ya mwembe na mwembe upo, mnene siwezi kuukumbatia, na chini yake kuna vijana wameegesha bodaboda wanasubiri abiria. Bibi akaushika ule mti, akawauliza wale vijana kama wanajua wamekaa kwa nani. Mmoja akasema shikamoo bibi, hapa ni stendi.

Jioni tukakaa kikao cha ukoo. Baba mkubwa alikuja, akakaa pembeni, hakuongea mpaka karibu mwisho. Tumekubaliana saruji ya juu ipasuliwe iandikwe upya, 1896 - 1974, na pembeni liwekwe jiwe dogo la yule mwanae wa Bama na jina lake, maana hata kaburi lake la Tanga hatulijui. Hela ya saruji mifuko mitatu katoa baba mkubwa mwenyewe.

Akaniita nje wakati naondoka. Akasema andika mpagazi, andika na sukari, andika na mama yake. Hiyo ya kwenda haja tuiache kwanza mpaka bibi yako atakapokuwa amelala.